Almasi Iliyokatwa Vema na Sonara wa Kwetu

Askari aliyerejea kutoka kazi ya kulinda amani, au polisi aliyejiwekea faranga zake kidogo kidogo kwa miaka miwili mitatu, hufika siku akataka kumvisha mchumba wake pete yenye jiwe la almasi. Zamani jambo hili halikusikika sana katika nchi yetu, ambamo heshima ya ndoa ilipimwa, na hata leo hupimwa, kwa ng'ombe wa mahari. Lakini desturi zimechanganyika, picha za arusi za miji mikubwa zimeenea kila mahali, na swali limefika mpaka Gitega na Muyinga: almasi njema hupatikana wapi, na mtu asiye tajiri wala mtaalamu ataijuaje?

Tumeona yafaa kulijibu swali hilo kwa urefu, kwa sababu mtu akikosea hapa hupoteza akiba ya miaka kwa dakika chache. Tena, kwa mtu avaaye sare, lipo kosa la pili linaloweza kumpotezea hata hiyo sare yenyewe, nalo tutalieleza mahali pake.

Kwanza hapana budi tuseme waziwazi kwamba Burundi haichimbi almasi. Dhahabu tunayo, na wakazi wa Muyinga wanaijua vizuri ile ya Butihinda. Ndiyo maana masonara wetu ni mafundi wa dhahabu na fedha tangu zamani, watu wanaoweza kuyeyusha hereni kuukuu za bibi na kutoa pete mpya ya mjukuu. Lakini jiwe la almasi hawalitoi ardhini kwetu. Kila almasi ionekanayo Gitega au Muyinga imetoka ng'ambo, nayo imefika kwa mojawapo ya njia mbili: njia ya karatasi au njia ya mfukoni.

Mgodi wenye sifa ulio karibu na Muyinga kuliko mingine ni ule wa Mwadui, katika Mkoa wa Shinyanga nchini Tanzania, ambao kwa mstari ulionyooka haufiki kilomita mia nne. Mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aliugundua mwaka 1940, na alipofariki mwaka 1958 mgodi ulinunuliwa na kampuni ya De Beers pamoja na serikali ya Tanganyika. Huko Mwadui, mwezi Oktoba 1947, lilipatikana jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5, akapewa Elizabeth, binti wa Mfalme wa Uingereza, liwe zawadi ya arusi yake. Mafundi wa London walilikata na kuling'arisha, nalo likabaki karati 23.6. Vivyo hivyo jiwe jingine la waridi lililouzwa kwa mnada huko Hong Kong mwezi Oktoba 2022 kwa dola za Marekani milioni 57.7: lilikuwa na karati 11.15, ilhali lilipotoka Mwadui likiwa ghafi lilikuwa na karati 32.

Msomaji atatambua tunakoelekea. Jiwe litokapo ardhini halijawa kito. Nusu yake, na mara nyingine theluthi mbili, hugeuzwa vumbi juu ya gurudumu la kunolea, na kinachobaki ndicho kinachovaliwa. Kazi hiyo haifanywi Gitega, haifanywi Muyinga, wala haifanywi Bujumbura. Tanzania yenyewe iliwahi kuwa na kiwanda cha serikali cha kukata almasi, Tancut, huko Iringa, nacho kikafungwa. Leo mawe mengi ya dunia hukatwa katika mji wa Surat nchini India, na mengine, hasa yale makubwa, hukatwa Antwerp katika Ubelgiji. Jiwe la Shinyanga basi huvuka bahari, likanolewa, likarudi Afrika ndani ya pete.

Jiwe ghafi na mtu mwenye sare

Hapo ndipo mjanja hujitokeza. Hukutana na askari akiwa likizoni, akamwonyesha kijiwe chenye rangi ya mafuta kilichofungwa katika karatasi ya sigara, akasema: kimetoka Mwadui, au Kasai, au Afrika ya Kati, nunua rahisi, kisha umpelekee sonara akukatie. Maneno hayo yana uongo wa aina mbili. Sonara hawezi kulikata, kwa maana almasi hukatwa kwa mashine na kwa ujuzi ambao hatunao. Na aliyeuza hajui, au anajua mno, kwamba vipande vya kwatsi na vya chupa iliyosagwa na mto hufanana sana na almasi ghafi machoni pa asiyejua.

Hata kama jiwe ni la kweli, shari yake ni kubwa zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 2003 uko utaratibu wa mataifa uitwao wa Kimberley, kwa jina la mji wa Afrika Kusini ambako mazungumzo yake yalianzia mwaka 2000. Kwa utaratibu huo almasi ghafi huvuka mpaka ikiwa katika chombo kilichofungwa kwa lakiri, pamoja na hati ya serikali ya nchi inakotoka. Tanzania, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati zimo katika utaratibu huo. Hati haikubuniwa kwa kupenda karatasi: ilibuniwa kwa sababu mawe hayo yalinunua bunduki huko Angola, Sierra Leone na Kongo. Jina la nchi yetu nalo liliwahi kuandikwa katika shauri hilo; wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya Aprili 2001 juu ya kuporwa kwa mali ya Kongo, walishangaa kuona almasi zikihesabiwa kuwa zimetoka Burundi, nchi isiyo na mgodi wa almasi hata mmoja.

Ndugu zetu waliotumwa Afrika ya Kati tangu mwishoni mwa mwaka 2013 wanalijua jambo hili kwa macho yao. Nchi ile ilikuwa imesimamishwa kuuza almasi ghafi nje tangu Mei 2013, kwa sababu vikundi vyenye silaha vilijilisha kwa machimbo. Baadaye baadhi ya maeneo ya magharibi yaliruhusiwa tena, na marufuku yote iliondolewa Novemba 2024. Lakini kuondolewa kwa marufuku ya nchi si ruhusa ya mlinzi wa amani kurudi nyumbani na kijiwe ndani ya soksi. Asiye na hati anasafirisha kwa magendo, na akikamatwa hatatajwa kwa jina lake peke yake. Itatajwa bendera iliyo begani mwake. Polisi wa Kobero, ambao malori ya Tanzania hupita mbele yao usiku na mchana, wanaweza kutueleza jinsi kitu kidogo kama punje ya mahindi kinavyoweza kufichwa. Tunasema hivi ili ieleweke kwamba ushauri wote unaofuata ni wa almasi iliyokwisha kukatwa. Ghafi tuiache.

Kukatwa vema ni kupi?

Wauzaji husifia uzito kwanza, kisha weupe, kisha usafi wa ndani. Kukatwa hutajwa mwisho, kama kwamba ni jambo la umbo tu: la mviringo, la mraba au la mfano wa yai. Kwa maoni yetu mpangilio huo umepinduliwa. Uzito, rangi na usafi ni maumbile. Kukata ni kazi ya mtu, na kazi hiyo ndiyo inayoamua kama jiwe litawaka mkononi au litalala kama kipande cha barafu chafu.

Sababu yake si uchawi. Mwanga uingiao ndani ya almasi ukifika kwenye ukuta wa chini, ama hupenya ukatoka, ama hugonga ukarudi. Askari aliyewahi kuona risasi ikiruka baada ya kupiga jiwe kwa mshazari ataelewa mara moja. Katika almasi, mwanga unaougonga ukuta wa ndani kwa mshazari unaozidi nyuzi 24 na nusu hivi, kupima kutoka mstari wa wima wa ukuta huo, hurudi wote bila kupotea. Ukigonga karibu zaidi na wima, hupenya na kwenda zake. Kazi ya fundi basi ni kuzipanga nyuso za jiwe ili mwanga uliongia kwa juu ugonge upande mmoja, ugonge upande wa pili, kisha urudi juu machoni pa mtazamaji.

Aliyefanya hesabu hiyo ikafahamika duniani ni Marcel Tolkowsky, mzaliwa wa Antwerp wa ukoo wa wakata almasi, aliyeichapisha London mwaka 1919 akiwa mwanafunzi. Kwa jiwe la mviringo lenye nyuso 57, au 58 ikiwa ncha ya chini nayo imesawazishwa, alipata kwamba uso mpana wa juu, uitwao meza, ufae kuwa asilimia 53 ya upana wa jiwe. Mteremko wa sehemu ya juu uwe nyuzi 34 na nusu. Na mteremko wa sehemu ya chini uwe nyuzi 40 na robo tatu. Mafundi wa leo huachana kidogo na vipimo hivyo bila madhara, hasa kwa meza pana zaidi, lakini hawaendi mbali navyo.

Sehemu ya chini ikiwa fupi mno, mtazamaji huona pete ya kijivu ndani ya jiwe, kama jicho la samaki aliyekufa. Ikiwa ndefu mno, katikati huwa peusi kama kichwa cha msumari. Aibu hizi mbili huonekana bila chombo chochote: litazame jiwe kwa juu moja kwa moja, mbali na taa za duka, karibu na dirisha, kisha chini ya kivuli. Taa za duka hulifanya hata jiwe bovu limeremete. Kivulini almasi njema huendelea kurudisha mwanga, na mbovu huzimika.

Mbona basi fundi akate vibaya naye anajua? Kwa sababu ya mizani. Karati moja ya almasi ni gramu 0.2, nayo haihusiani na karati ya dhahabu, ambayo ni kipimo cha usafi: dhahabu ya karati 18 ina sehemu 750 za dhahabu katika sehemu 1,000. Bei ya almasi hutajwa kwa kila karati, na bei hiyo hupanda ghafula jiwe linapofika uzito kamili, mathalani karati 1. Fundi aliye na jiwe ghafi ambalo, likikatwa vema, litatoa karati 0.90, hushawishika kuliachia tumbo nene na mshipi mnene ili mizani isome karati 1. Mnunuzi hulipia uzito uliojificha chini, mahali ambapo jicho halifiki, na mwanga hupotea humo humo.

Dawa yake ni rula. Almasi ya mviringo ya karati 1 iliyokatwa vema ina upana wa milimita 6.4 hadi 6.5 hivi, na kina chake ni kama asilimia 59 hadi 62 ya upana huo. Ukiipima kwa kipimio cha sonara ukakuta upana wa milimita 6 tu, basi umeuziwa karati 1 kwa bei, lakini mkononi mwa mchumba itaonekana kama ya karati 0.80. Na kinyume chake, mwenye akiba ndogo anunue kwa hiari yake jiwe la karati 0.90 lililokatwa vema: jicho la mtu halitaiona tofauti, ila mfuko utaiona.

Kuagiza ng'ambo

Sonara wa Gitega au Muyinga kwa kawaida haweki almasi dukani. Hilo lisimvunje mtu moyo, wala lisimfanye amdharau sonara. Yeye ndiye atakayekuwa macho yako na mikono yako, jiwe litaagizwa. Zipo njia tatu: sonara aagize kwa mfanyabiashara anayemjua Bujumbura, Dar es Salaam, Kampala au Dubai, ndugu aliyeko Ubelgiji, ambako Warundi si wachache, anunue Antwerp, au mnunuzi mwenyewe aagize kwa intaneti kwa duka la nje. Kwa njia yoyote ile, sharti ni lile lile: jiwe lije na cheti cha maabara isiyokuwa mali ya muuzaji.

Maabara yenye jina kubwa ni GIA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931, ambayo ndiyo iliyoeneza kipimo cha rangi kinachoanzia herufi D kwa jiwe jeupe kabisa mpaka Z. Nyingine ni IGI, iliyoanzishwa Antwerp mwaka 1975. Tangu mwaka 2006 cheti cha GIA kwa almasi ya mviringo hutaja pia daraja la kukatwa, kuanzia bora kabisa mpaka duni, yakiwa madaraja matano. Tunashauri mnunuzi asishuke chini ya madaraja mawili ya kwanza, na ikiwa fedha hazitoshi, apunguze uzito au ashuke katika rangi. Jiwe la rangi ya G au H likifungwa katika dhahabu ya manjano, wachache sana watatambua kwamba si D.

Cheti kina namba, na mara nyingi namba hiyo huandikwa kwa mwali wa leza juu ya mshipi wa jiwe, kwa herufi ndogo ambazo huonekana kwa kioo cha kukuzia mara kumi au zaidi. Kabla ya kutoa faranga yoyote, namba isomwe katika kitabu cha maabara kwenye intaneti, na uzito, upana na kina vilinganishwe. Cheti cha kweli kinaweza kupakatwa na jiwe la uongo. Ndiyo sababu jiwe na karatasi vipimwe pamoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari ni mbili: cheti cha maabara, na risiti ya muuzaji yenye namba hiyo hiyo pamoja na muda wa kurudisha jiwe. Malipo yapite benki. Kumkabidhi msafiri dola mkononi ni kumkabidhi pia ugomvi wa baadaye.

Ama kuhusu almasi za maabara, tusidanganyane. Kampuni ya General Electric ilifaulu kuzitengeneza Desemba 1954, na leo hutengenezwa kwa wingi, zikiwa na kaboni ile ile na ugumu ule ule. Jicho halizitofautishi, wala kioo cha sonara. Ni mashine za maabara tu. Bei zake zimeanguka mno katika miaka ya karibuni, na mwenye kuinunua asitarajie kuiuza kesho kwa bei aliyonunulia. Sisi hatuoni aibu kwa askari kumpa mkewe almasi ya namna hiyo, madhali imeitwa kwa jina lake na kulipiwa bei yake. Aibu ni ya anayeiuza kama ya mgodini.

Zirkonia na moisanaiti ni habari nyingine, kwani hizo si almasi kabisa. Kujaribu jiwe kwa kukwaruza kioo ni mchezo wa watoto, maana zote tatu hukwaruza kioo, hata kwatsi hukikwaruza. Chombo cha kupimia joto, ambacho masonara wengi wanacho, huikamata zirkonia lakini hudanganywa na moisanaiti. Kwa zirkonia mizani nayo inatosha: jiwe la upana wa milimita 6.5 ambalo halijafungwa, likiwa almasi litakuwa na gramu 0.20 hivi, likiwa zirkonia litazidi gramu 0.30. Moisanaiti itazamwe kwa kioo cha kukuzia kutoka ubavuni. Mistari ya nyuma huonekana ikiwa miwili miwili.

Jiwe likifika kwa sonara

Sasa kazi inarudi kwetu. Mtu wa kambi hushika bunduki, kamba, usukani na jembe, na mkewe huenda shambani. Kwa hiyo kucha nne nyembamba zilizosimama juu, kama za pete za maonyesho, hazifai. Mwambie sonara alizungushie jiwe ukingo mzima wa dhahabu, chini chini, usiokwama katika nguo. Almasi ni ngumu kuliko vitu vyote vya asili, lakini ugumu si ustahimilivu: pigo moja la nyundo kwenye mshipi mwembamba laweza kuipasua.

Moto nao uangaliwe. Wengi hudhani almasi haiungui, kumbe ni kaboni, na ikipata hewa katika joto la nyuzi 700 hadi 800 za Selsiasi huanza kuungua na uso wake hupata ukungu mweupe. Sonara amalize kuchomelea pete kwanza, aiache ipoe, ndipo afunge jiwe. Ikibidi siku nyingine kuipanua pete, jiwe litolewe kabla ya moto.

Siku ya kufunga, mnunuzi akae karangani hapo hapo. Si kwa kumshuku fundi. Fundi mwaminifu hupenda ushahidi kuliko mteja. Jiwe lipimwe mbele ya wote wawili, namba ya mshipi isomwe kwa kioo, iandikwe katika daftari la sonara pamoja na uzito wa dhahabu iliyoletwa na ile iliyorudishwa, wote wawili watie sahihi. Namba isomwe tena jiwe linapowekwa katika kitako chake, kabla ukingo haujakunjwa juu yake, kwa maana baada ya hapo dhahabu itaifunika.